Picha Inayokosekana Kwenye Ubao wa Maono

Katika wiki mbili za mwanzo wa Januari, kwenye duka la steshenari lililo karibu na kituo ninachopandia daladala, karatasi za manila hununuliwa zaidi na watu wazima kuliko wanafunzi. Wapo akina mama wa kikundi kimoja, wapo vijana waliomaliza chuo na bado wanatafuta kazi, wapo wanandoa ambao ndoa yao haijatimiza mwaka. Hununua manila, gundi na kalamu za rangi, kisha humpa kijana wa dukani simu zao awachapishie picha walizozihifadhi humo: nyumba yenye uzio na geti jeusi, gari aina ya Harrier, joho la mahafali, pete ya ndoa, mtoto mchanga, majengo marefu ya Dubai. Jioni picha hukatwa na kubandikwa, na ubao hutundikwa chumbani mahali ambapo jicho litaufikia kabla mtu hajanyanyuka kitandani. Huo ndio ubao wa maono, au kama wengine wanavyouita, ubao wa ndoto.

Nimewahi kutengeneza ubao wa namna hiyo, na niliutengeneza kwa moyo safi. Ninaamini kwamba mtu anayekaa chini na kujiuliza anataka maisha gani amefanya jambo la heshima, hasa katika miji yetu ambako siku huisha mtu akiwa kwenye foleni na mwezi huisha akiwa kwenye madeni. Hoja yangu ni nyingine. Ubao wa maono, kwa jinsi tunavyoutengeneza sasa, huonyesha mwisho wa safari peke yake, na picha ambayo ingemfaa mwenye ubao kuliko zote, yaani picha ya kile kinachomzuia, haimo. Picha hiyo ikikosekana, ubao unaweza hata kumpunguzia mtu nguvu za kukifuata anachokitaka. Sisemi hivyo kwa kukisia; jambo hilo limepimwa, na nitaeleza lilivyopimwa.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kutufanyia sehemu ya kazi. Ndoto humjia mtu akiwa usingizini; hakuialika na hawezi kuiamuru. Njozi ina uzito kuliko ndoto, na maono hutajwa zaidi na watu wa dini wanapozungumzia jambo lililofunuliwa. Lengo ni la mpiga shabaha, ambaye anajua umbali na anaweza kukiri kwamba amekosa. Dira ni ya nahodha. Sindano ya dira haimwonyeshi nahodha bandari anayokwenda, wala haimpi taswira ya gati na minazi yake. Humwonyesha kaskazini tu, na kwa kuijua kaskazini anatambua chombo kimegeuka kiasi gani kutoka kwenye mwelekeo wake, wakati bado ana nafasi ya kurekebisha tanga. Manila iliyojaa picha za bandari haiwezi kufanya kazi hiyo.

Tanzania yenyewe imepitia somo hili. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, iliyoandaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, iliitaja vizuri nchi iliyotamaniwa: maisha bora, amani na umoja, utawala bora, jamii iliyoelimika, uchumi unaoweza kushindana. Hata hivyo, ni mwaka 2011 ndipo ulipopatikana mpango elekezi wa miaka 15, wa kuanzia 2011/12 hadi 2025/26, ukagawanywa katika mipango mitatu ya miaka mitano mitano ili matamanio yale yapewe hatua, viashiria na fedha. Zaidi ya miaka 10 ilikuwa imekwisha kupita. Dira 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025 ikiwa na shabaha ya uchumi wa dola trilioni 1, nayo itapimwa kwa mipango itakayoifuata. Ikiwa serikali yenye wizara na wataalamu ilihitaji muda wote huo kuunganisha taswira na hatua, mtu mmoja mwenye mkasi na gundi hana sababu ya kuona aibu kwamba ubao wake wa mwaka juzi haukutimia.

Wala hamu ya kujiona ndani ya maisha ambayo bado hayajafika haikuletwa Afrika Mashariki na mitandao ya kijamii. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha walijenga vibanda vya studio na kuvipamba kwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majengo ya ghorofa nyingi. Wateja wao wengi walikuwa watu waliotoka bara kuja kutafuta kazi. Mtu alisimama mbele ya meli ya rangi, akapigwa picha kama aliye safarini, na picha ile ikatumwa nyumbani kwa wazazi. Ninazipenda picha hizo kwa sababu kila aliyehusika alijua pazia ni pazia. Ilikuwa salamu, ilikuwa heshima, ilikuwa namna ya kusema nipo hai na bado nina matumaini. Hakuna aliyeiambia ile meli iliyochorwa kwamba imvute mpaka Ulaya.

Ubao wa siku hizi umebebeshwa ahadi hiyo. Tangu mwaka 2006, filamu na kitabu vya mtunzi wa Australia vilipolieneza duniani fundisho la sheria ya mvuto, watu wengi wamefundishwa kwamba ukikitazama kitu kila siku kwa hisia kali, ulimwengu utakuletea. Fundisho hilo limeingia kwenye semina za ujasiriamali na kwenye mimbari, na mara nyingi huambatana na habari ya utafiti unaodaiwa kufanyika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1953, kwamba asilimia 3 ya wahitimu walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuliko wenzao wote wakijumlishwa. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Husimuliwa pia habari ya Jim Carrey, mchekeshaji aliyejiandikia hundi ya dola milioni 10 na baadaye akalipwa kiasi hicho kwa filamu. Habari ya hundi ni ya kweli kwa maelezo yake mwenyewe, lakini anayeisimulia huacha kusema kwamba Carrey alikuwa akipanda jukwaani tangu akiwa kijana wa miaka 15, na kwamba hundi za walioandika na hawakulipwa hazina msimuliaji.

Sasa tuje kwenye vipimo. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani wa Chuo Kikuu cha New York, amelifuatilia swali la njozi na mafanikio kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1991 yeye na Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 wenye uzito mkubwa waliojiunga na programu ya kupunguza mwili. Kabla ya kuanza waliulizwa mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kuwa ni moja. La kwanza lilikuwa matarajio: je, unadhani utafanikiwa? La pili lilikuwa njozi: walipewa visa visivyokamilika, kama vile kukutana na rafiki baada ya programu kwisha, wakaombwa wavimalizie kwa mawazo yao. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa na matarajio mema walikuwa wamepungua zaidi. Waliokuwa na njozi tamu, wale waliojiona tayari ni wembamba na wanasifiwa, walikuwa wamepungua kidogo kuliko wenzao waliowaza kwa mashaka, na tofauti ilikaribia kilo 11.

Ninaomba msomaji akae kidogo na tofauti hiyo kati ya matarajio na njozi, kwa kuwa ndipo ubao wetu unapokosea. Matarajio husimama juu ya jambo ambalo mtu amekwisha kulifanya: nilifaulu mtihani uliopita, niliweza kuweka akiba miezi mitatu, basi naweza tena. Njozi haidai ushahidi wowote. Ni tamu, ni bure, na kwa sababu ni bure haina mwisho. Oettingen na Doris Mayer walirudia swali hilo kwa wahitimu wa chuo nchini Ujerumani waliokuwa wakiingia kwenye soko la ajira, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Miaka miwili baada ya kuulizwa, wahitimu waliokuwa wakijiona mara kwa mara katika kazi nzuri walikuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache, na waliopata walilipwa kidogo. Nikiwafikiria vijana wanaomaliza vyuo vyetu kila mwaka na kuambiwa kwenye makongamano kwamba wajione tayari wamekaa kwenye kiti cha meneja, ninapata huzuni, maana tunawapa kitu kinachowapunguzia bahasha za maombi.

Kwa nini iwe hivyo? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2011, pale Oettingen na Heather Barry Kappes walipopima shinikizo la damu la watu walioombwa kuwaza mambo mema yajayo. Shinikizo lilishuka. Mwili ulipumzika, kama unavyopumzika baada ya kazi, ingawa kazi yenyewe haikuwa imeanza. Niliposoma habari hiyo niliukumbuka usiku ule nilipomaliza ubao wangu. Nilijisikia mwepesi, nikala vizuri, nikalala usingizi mzito wa mtu aliyetimiza jambo. Wiki nzima iliyofuata nilibaki na raha hiyo, na katika wiki hiyo hiyo sikuweka pembeni hata shilingi elfu moja kwa ajili ya nyumba iliyokuwa katikati ya manila.

Hata hivyo, haifuati kwamba taswira hazina faida. Inategemea ni taswira ya nini. Lien Pham na Shelley Taylor waliwagawa wanafunzi wa chuo huko Los Angeles wiki moja kabla ya mtihani: baadhi wajione wanatazama matokeo na kufurahia alama ya juu, baadhi wajione wakifanya kazi ya kusoma yenyewe, mahali walipokaa, saa waliyoanza, vishawishi walivyovikataa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba waliojiona wakisoma walianza mapema na kupata alama bora, na waliojiona wakishangilia walisoma kwa saa chache. Wanariadha wanaojizoeza kwa mawazo hufanya hivyo hivyo. Huona mguu unavyotua na pumzi inavyokwenda, wala hawakai tu wakiiwazia medali.

Upande ambao ubao unasaidia kweli ni ule wa kujua unachokitaka, na hapa nina deni la kuusifu. Mwaka ule nilipotengeneza wangu, mke wangu alitengeneza wake upande wa pili wa meza, na tulikubaliana tusitazamane mpaka wote tumemaliza. Wangu ulikuwa na nyumba ya ghorofa, ngazi za marumaru na roshani. Wake haukuwa na nyumba ya nje kabisa. Ulikuwa na picha ya sebule ndogo yenye mwanga, kiti kimoja cha mgongo mrefu karibu na dirisha, na pembeni alikuwa amebandika picha halisi ya mama yake, aliyoitoa kwenye albamu. Nilimuuliza maana yake. Akanijibu kwamba magoti ya mama hayawezi tena mlima wa kwenda kisimani, na kwamba tangu baba alipofariki hana wa kumsemesha jioni. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka sita na sikujua kwamba jambo hilo lilikuwa linamnyima usingizi. Mama mkwe wangu asingeweza kupanda ngazi za marumaru hata moja.

Hapo ubao ulitusaidia kuliko mazungumzo yoyote tuliyowahi kuwa nayo kuhusu nyumba, kwa sababu picha hukataa kujificha. Mtu anaweza kusema nataka maisha mazuri kwa miaka 20 bila kulazimika kusema mazuri yapi na pamoja na nani. Akiambiwa achague picha 5 tu, atalazimika kuacha nyingine, na kile anachokiacha kwa uchungu ndicho kinachomfundisha zaidi.

Lakini faida hiyo hupotea kama picha si za mtu mwenyewe. Nimewahi kuona ubao wenye sebule iliyo na meko ya kuotea moto, uliotengenezwa na mtu anayeishi Temeke, na nilipomuuliza kwa nini ameichagua alisema ilikuwa ya kwanza kutokea alipotafuta nyumba nzuri kwenye simu. Simu humletea mtu kile ambacho wengi wamekitazama, na majarida ya zamani yaliyokuwa yakikatwa kabla ya simu yalijaa matangazo ya biashara. Kwa hiyo ubao mwingi uliotundikwa vyumbani kwetu una matamanio yaliyopigwa picha mbali, kwa ajili ya kuuza kitu, kwa watu wengine. Mke wangu aliyechukua picha ya mama yake kwenye albamu alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi niliyechapisha roshani ya mtu nisiyemjua. Ningemshauri mtu yeyote apige mwenyewe angalau nusu ya picha za ubao wake: kiwanja kilivyo leo na majani yake, mlango wa chuo anachotaka kuingia, meza ya fundi anayetamani kujifunza kwake.

Waumini wengi huuegemeza ubao wa maono kwenye Habakuki 2:2, mahali nabii anapoamriwa, “Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao.” Ni maneno mazuri na neno vibao linaufanya mstari uonekane umeandikwa kwa ajili ya manila zetu. Anayesoma sura nzima atakuta mambo mengine. Njozi ile ilikuja kujibu malalamiko ya nabii juu ya dhuluma na juu ya Wakaldayo waliokuwa wakizikanyaga nchi za watu, na baada ya amri ya kuandika zinafuata ole kwa mtu anayejikusanyia kisicho chake na kwa anayejenga mji kwa damu. Nabii alitakiwa kuandika ili wengine wasome, na kilichoandikwa kilikuwa haki kwa watu wote. Siwezi kumkataza mtu kuombea nyumba. Mimi mwenyewe huombea. Ninachosema ni kwamba mstari ule hautoi ruhusa ya kutazama na kungoja. Waislamu wanayo hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akajibiwa amfunge kisha ategemee. Kamba ya ngamia ndiyo picha ninayoitafuta kwenye bao zetu na siioni.

Nimeiona mahali pengine, kwenye daftari la shangazi yangu anayeishi Morogoro. Shangazi hajawahi kutengeneza ubao wowote, lakini amejenga nyumba ya vyumba vitatu na kusomesha watoto wawili kwa fedha za genge la mboga na mikopo ya vikoba. Utaratibu huu wa vikundi vya kuweka na kukopa vijijini ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Kwa jirani zetu wa Kenya, chama hufanya kazi inayofanana nao. Wiki hadi wiki wanachama hununua hisa mbele ya wenzao, fedha huwekwa kwenye kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kilichonivutia zaidi ni wakati wa kuomba mkopo. Mwanachama husimama, hutaja anachotaka kufanya, na wenzake humuuliza: biashara ikilala, utarejesha na nini? Mvua ikikata barabara utaleta mzigo kwa njia gani? Mume akikuomba hizo fedha utamjibuje? Maswali hayo huulizwa na wanawake wanaomtakia mema, nao hawampi mkopo mpaka ayajibu.

Kikundi cha shangazi, bila kusoma jarida lolote la saikolojia, kilikuwa kinafanya kile ambacho Oettingen alikuja kukifundisha kama dawa ya njozi tupu: kwanza lione vizuri jambo unalolitamani, halafu hapo hapo kitazame kizuizi kikubwa kilicho ndani yako au njiani kwako. Mpangilio huo una maana yake. Anayeanza na kizuizi na kumalizia na njozi hapati nguvu ile ile, kwa sababu hajakiona kizuizi kama kitu kinachosimama kati yake na jambo alipendalo. Halafu huja mpango wa ikiwa na basi, ambao umechunguzwa kwa miaka mingi na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer: ikiwa jambo fulani litatokea, basi nitafanya hivi. Mwaka 2006 Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mipango ya namna hiyo, wakakuta kwamba watu walioiandaa walitimiza malengo kwa kiwango kikubwa kuliko wale waliokuwa na nia peke yake.

Kwa familia nyingi za mjini ninazozifahamu, kizuizi cha nyumba kina jina, nalo ni michango. Kadi za harusi huja kila mwezi, misiba haina ratiba, ada ya mdogo wetu aliye sekondari inadaiwa Januari ile ile ambayo manila zinanunuliwa. Haya si maovu. Ni undugu wetu, na mtu asiyechanga atakuja kuzikwa na wachache. Ila ni kizuizi, na kwa kuwa ni kizuizi kinachotoka kwa watu tunaowapenda, hatukibandiki ukutani. Mtu hubandika nyumba, kisha kila mwezi fedha za nyumba huenda kwenye ukumbi wa harusi, na mwisho wa mwaka hujilaumu kwamba hakuwa na imani ya kutosha. Lingekuwa jambo la haki zaidi kwake kubandika kadi moja ya mchango kando ya picha ya nyumba na kuandika chini yake: ikiwa kadi itafika na fungu la michango la mwezi huu limekwisha, basi nitapiga simu siku hiyo hiyo, nitamwambia ndugu yangu ukweli, na nitajitolea kushika kazi ya usafiri au ya jikoni siku ya shughuli. Mpango kama huo unamlinda mtu na aibu ya papo kwa papo, ambayo ndiyo inayotoa fedha mfukoni kuliko upendo.

Wanaofanya mambo makubwa huyashughulikia kwa njia hiyo hiyo. Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, amekuwa akiandika mazoezi yake kwenye madaftari kwa miaka mingi, siku kwa siku, na huko Monza, Italia, mwezi Mei 2017, akitaka kumaliza chini ya saa 2, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 2 na sekunde 25. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni ajabu. Kwake ilikuwa sekunde zilizobaki. Waliojaribu naye tena huko Vienna Oktoba 2019 walitafuta zile sekunde zilikuwa zimekwamia wapi: wakapanga upya namna wasindikizaji wake 41 watakavyomkinga na upepo kwa zamu, na safari hii watazamaji walijaa kando ya barabara, tofauti na Monza ambako hawakuruhusiwa. Alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Picha ya ushindi ilikuwa ile ile miaka yote miwili. Kilichobadilika ni vizuizi vilivyotajwa na kuondolewa kimoja kimoja.

Liko jambo jingine ambalo huleta mtafaruku ninapolisema, nalo ni kung'oa picha. Oettingen aliona kwamba mtu akilinganisha njozi na kizuizi na kugundua kwamba kizuizi hakipitiki, ulinganisho huo humsaidia kuiacha njozi ile na kugeukia nyingine. Kwenye semina nyingi tunafundishwa kinyume chake, kwamba kutoa picha ni kukosa imani. Nimemwona mtu mzima akibaki na ramani ya Canada ukutani miaka saba, huku fedha za maombi ya viza zikimmaliza mtaji wa duka aliloachiwa na wazazi wake. Duka lile lilihitaji jokofu moja na leseni. Hakuna aliyemwambia kwamba ana haki ya kuibandua ramani, na ninajilaumu kwa kuwa nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Kuhusu kuusambaza ubao kwenye mitandao ya kijamii, nitasema machache. Gollwitzer na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akitangaza nia inayohusu anataka awe nani, na watu wakaipokea, hufanya kazi kidogo kuliko aliyeiweka moyoni, kwa kuwa sifa imekwisha kumfikia. Kikundi cha kina shangazi ni tofauti, maana wao hawasifu. Wanauliza na wanadai marejesho.

Ubao wetu wa mwaka huu ni mmoja, na tuliutengeneza pamoja. Hauna ghorofa. Kuna ramani ya nyumba ya chini iliyochorwa na fundi wa mtaani, yenye mlango mpana na choo cha kukaa karibu na chumba cha mama. Kuna picha niliyoipiga kwa simu ya tofali 600 zilizolala kwenye kiwanja, majani yakiwa yameanza kuzifunika. Kando yake kuna kadi ya harusi ya binamu yangu, na chini ya kadi mke wangu ameandika kwa mkono wake kiasi tulichokubaliana, siku mshahara unapoingia, na jina la atakayepiga simu. Jina ni langu. Mwezi uliopita nilipiga.